Waraka kwa wanachama wa barza ya mpira, Ansab: faulo zetu na zao zipimwe kwa kipimo kimoja

Ansab, Maskati
Oktoba 2025

Kwa wazee, ndugu, dada na vijana wote wa barza,



Wazee wameniagiza niandike, nami sikusita, kwa sababu jambo lenyewe limeshatoka kwenye mpira likaingia majumbani. Tangu usiku wa Jumamosi tarehe 11 Oktoba, Omani ilipofungwa 2-1 na Imarati mjini Doha, barza yetu haijakaa sawa. Watu wawili waliokuwa wakinywa kahawa pamoja tangu watoto wao hawajaanza skuli sasa hawasalimiani. Kijana wetu mmoja amewapelekea jamaa zake wa Al Ain, huko Imarati, sauti ya matusi kwa simu, na hao ni watoto wa khalati yake mwenyewe, na khalati amelia. Mwengine ameapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, watoto wakimsikiliza, kwamba mwamuzi alilipwa, na ushahidi hana hata chembe. Tukinyamaza kwa haya, barza itakuwa imekufa na sisi tumekaa tukiitazama.

Sisemi msiumie. Omani haijacheza Kombe la Dunia hata mara moja, na safari hii mlango ulikuwa mpana kuliko wakati wowote: timu 48, nane kati yake kutoka Asia zikiingia moja kwa moja. Tulifika Doha kwenye kundi la timu tatu, sisi, Qatar na Imarati, na aliyeongoza kundi alikwenda moja kwa moja. Dakika ya 12 Kouame Autonne wa Imarati akajifunga, na tangu hapo mpaka dakika ya 76 bao lilikuwa letu. Kisha Marcus Meloni akasawazisha, na dakika ya 83 Caio Lucas akamaliza kazi. Mtu aliyeyaona hayo asiumie atakuwa hakuwa na timu. Maumivu yenu ni halali yenu. Ninachotaka kuzungumza nanyi ni vile tulivyoyafanya maumivu hayo kuwa hati ya kumtukana mwamuzi, kumtukana jirani, na kutukanana wenyewe kwa wenyewe.

Kwanza tuangalie mpira, maana barza ya mpira isiyotazama mpira haina kazi. Tarehe 4 Januari mwaka huu huu tulikuwa Kuwait, fainali ya Kombe la Ghuba, tukiongoza tangu dakika ya 17. Dakika ya 78 Bahrain wakapata penalti, wakafunga. Dakika ya 80 tukajifunga wenyewe. Ikaisha 2-1. Mwaka 2023 huko Basra, fainali ya kombe hilo hilo, tulisawazisha mara mbili, mara ya pili zikiwa zimebaki dakika chache mno kwenye muda wa nyongeza, na bado Iraki wakatufunga bao la tatu kabla ya filimbi ya mwisho. Ukiziweka fainali hizo mbili pamoja na Doha, tatizo linaonekana bila miwani: timu yetu inaachia mwishoni. Miguu inachoka, mabeki wanarudi nyuma mno, wale wa kati hawapandi tena, mpira unarudi kila tukiuondosha. Waamuzi walikuwa watatu, viwanja vitatu, nchi tatu. Ulegevu ulikuwa mmoja.

Doha ilikuwa na sababu yake pia, na hii nataka muielewe vizuri kwa sababu ndiyo yenye haki ndani yake. Tulicheza na Qatar tarehe 8, tukatoka 0-0. Tarehe 11 tukacheza na Imarati, ambao walikuwa hawajagusa mpira wa mashindano hayo, wamekaa wanatungojea. Sisi tulikuwa na siku tatu miguuni, wao walikuwa wabichi. Kisha tarehe 14 Imarati wakakutana na Qatar, na Qatar walikuwa wamepumzika tangu tarehe 8, tena nyumbani kwao. Imarati wakafungwa 2-1, Qatar akaenda Kombe la Dunia. Katika kundi la pili, Saudia nao walikuwa wenyeji na ratiba yao ilikwenda vile vile: tarehe 8, kisha tarehe 14. Malalamiko juu ya kuwapa uenyeji wawili kati ya washindani wenyewe yalisikika kabla hata mpira haujaanza, na mimi nayaunga mkono. Ni malalamiko yenye tarehe, yanayoweza kuandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa anayehusika, na hayamtukani mtu.

Lakini tazameni yanakotufikisha. Ratiba iliyotuumiza sisi Jumamosi ndiyo iliyowaumiza Imarati Jumanne. Wao waliofurahi kwa uchovu wetu walilia kwa uchovu wao siku tatu baadaye. Kama kuna aliyeonewa, tumeonewa sote wawili, na sasa sisi tunampigia kelele mwenzetu wa kuonewa. Yule kijana aliyewatukana jamaa zake wa Al Ain alipaswa kuwapigia Jumanne usiku kuwapa pole.

Sasa nakuja kwenye neno ambalo limenifanya niuandike waraka huu kwa nguvu, nalo ni Amman.

Tarehe 10 Juni mwaka huu tulikwenda Jordan kucheza na Palestina. Kundi lilikuwa limebakiza nafasi moja ya kuendelea. Palestina wakishinda wanafika pointi 12, sisi tunabaki na 10 na safari yetu imekwisha. Sisi ilitutosha sare. Mnakumbuka ni timu gani ile. Nchi yao ilikuwa ikipigwa mabomu, hawana uwanja wa nyumbani, mechi zao za nyumbani wanacheza ugenini, wachezaji wao wanaingia uwanjani wakiwa na maiti kwenye familia zao. Dakika ya 49 Oday Kharoub akawafungia. Sisi tukapata kadi nyekundu, Harib Al-Saadi akatoka, tukabaki kumi. Dakika 90 zikaisha, Palestina wako mbele, na kwa dakika hizo walikuwa wamevuka. Katika dakika ya 97 mwamuzi akatupa penalti. Issam Al-Sabhi akaipiga, ikaingia, 1-1. Sisi pointi 11, wao 10. Wachezaji wao walilala chini wakilia, na chama chao cha mpira kikalalamika juu ya penalti ile.

Nini kilisemwa hapa Ansab usiku ule? Ilisemwa, penalti ni penalti. Ilisemwa, mwamuzi ameona. Ilisemwa, beki alimshika mtu, ulimwengu mzima umeona. Walikuwepo waliolirudia tukio lile polepole mara chungu nzima, wakisimamisha picha, wakionyesha mkono uko wapi na bega liko wapi. Hakuna aliyeapa kwamba mwamuzi wa Amman alilipwa. Hakuna aliyesema ameuza mechi. Na wale waliosema kwa sauti ya chini kwamba wanawaonea Palestina huruma, waliambiwa mpira hauna huruma.

Mimi sisemi penalti ile haikuwa penalti. Mwamuzi aliitoa na sheria ilimpa mamlaka hayo. Ninasema kwamba jicho lililokuwa na subira ya kutafuta faulo Amman, lilikosa subira hata ya kutazama marudio mara moja Doha. Ile ile inayoitwa haki tukipewa, inaitwa wizi tukinyimwa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wazee wetu walilisema hili kabla mpira haujaletwa pwani. Na sisi ni watu wa dini. Kila mmoja wetu alifundishwa chuoni, akiwa mdogo, ukubwa wa dhambi ya mtu anayejipimia kamili akipokea na kuwapunguzia wengine akiwapimia. Hakuna aliyetuambia kwamba hukumu hiyo inasimama nje ya mlango wa barza mechi ikianza.

Wapo watakaojibu: sisi tumeonewa mara nyingi, na hii ni moja tu katika nyingi. Basi tuzihesabu kwa uaminifu. Januari 2019, Kombe la Asia, Abu Dhabi, tulicheza na Japani. Walipewa penalti nyepesi dakika ya 28, Haraguchi akafunga. Kabla ya mapumziko mpira ukamgonga Nagatomo mkononi ndani ya boksi lao, tukanyimwa. VAR ilianza kutumika robo fainali tu, kwa hiyo hapakuwa na wa kumrudisha mwamuzi. Tulifungwa 1-0. Ile ilikuwa dhuluma, nakubali, na hata wapenzi wengi wa mpira wasio Waomani walikubali. Lakini mnakumbuka malipo yake? Tarehe 2 Septemba 2021, Suita, Osaka, mbele ya Wajapani wenyewe, dakika ya 88, bao moja, Omani ikashinda. Mfungaji alikuwa Issam Al-Sabhi, huyu huyu wa Amman. Haki yetu ya Abu Dhabi tuliidai Osaka kwa miguu, tukalipwa kamili, na dunia nzima ikatuvulia kofia.

Na katika mashindano yale yale ya 2019 tulivuka kundi, tukakutana na Iran, na dakika ya 2, nasema ya 2, tukapewa penalti. Tukaikosa. Tukafungwa 2-0. Nimekaa barzani humu muda mrefu na sijasikia mtu akiitaja penalti ile. Mkono wa Nagatomo tunausimulia kama kisa cha babu zetu, penalti tuliyopewa tukaikosa imefutika. Desemba mwaka jana kule Kuwait mchezaji wetu alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, nusu fainali na Saudia. Tulishinda 2-1 tukiwa kumi, na tulilia kwa furaha, nami nililia. Nani anaikumbuka kadi ile leo? Nani aliuliza kama rafu ilikuwa rafu kweli na kama yule Msaudia aliumia? Tulishinda, basi faulo yetu ikawa si faulo. Hivi ndivyo kumbukumbu ya mshabiki inavyokwenda ikiachwa bila mchungaji: inaweka ya wenzake na kutupa ya kwake, mwisho mtu anaamini kwa dhati kabisa kwamba yeye ameonewa maisha yake yote.

Kuna jengine lililosemwa Jumamosi ile ambalo lazima nilitaje waziwazi, ingawa ni zito. Baada ya bao la Caio Lucas ilisemwa hapa kwamba hawa si Waimarati, ni watu wa kununuliwa. Wa Brazil, wa Ivory Coast. Yakafuata maneno juu ya rangi ya Autonne ambayo sitayaandika. Kanuni ya FIFA inamtaka mchezaji wa namna hii awe ameishi katika nchi hiyo miaka mitano baada ya kutimiza miaka 18; mwenye shida na kanuni azungumzie kanuni. Lakini maneno yale hayakuwa ya kanuni.

Ndugu zangu, sisi ni nani? Wengine wetu tumezaliwa Unguja na Pemba, wengine Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Bujumbura, Kampala, Kigoma. Wazee wetu walikuja huku baada ya Januari 1964, na wengi zaidi baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi akawaita Waomani walioko nje warudi wajenge. Walikuja na elimu zao, wakawa walimu, wauguzi, wahandisi, wafanyakazi wa benki na wa mafuta. Wengi walikuja na Kiarabu cha kusomea Kurani tu. Na tuseme kweli, kuna waliowapokea kwa mikono miwili, na kuna waliowaita Zinjibari kwa sauti ambayo kila mzee hapa anaijua. Waliulizwa wao ni wa wapi hasa. Watoto wao waliulizwa hivyo skuli. Mama zetu waliulizwa sokoni. Walivumilia, wakafanya kazi, na nchi ikawa yao kwa jasho kama ilivyokuwa yao kwa nasaba.

Mtu aliyelelewa katika nyumba hiyo hawezi kumwambia mwengine kwamba jezi aliyoivaa si yake. Kila mtu ana ulimi wake, naam, lakini ulimi huu haukai katika vinywa vyetu. Watoto wetu weusi na weupe wamekaa mkeka mmoja wakitazama mechi ile. Waliyoyasikia juu ya Autonne wameyasikia juu yao wenyewe. Wazee wameamua, na mimi naandika kwa niaba yao, kwamba atakayerudia maneno ya rangi barzani hatapewa onyo. Ataombwa aondoke, awe awaye yote.

Tunao miongoni mwetu ndugu wa Kenya wanaofanya kazi huku Maskati, na wao mapenzi yao makubwa ni raga. Baadhi yenu mmekuwa mkiwatania kwamba ni mchezo wa kuvunjana mbavu. Nawaombeni muwasikilize, kwa sababu katika raga nimeona kitu tunachokihitaji. Mchezo ule una rafu za kutisha kuliko mpira wetu, na mtu anaweza kuvunjwa shingo, kwa hiyo wameilinda heshima ya mwamuzi kama wanavyolinda vichwa vyao. Anayezungumza na mwamuzi ni nahodha, peke yake. Mchezaji akibisha, adhabu inasogezwa mbele mita 10 dhidi ya timu yake. Akifanya faulo mbaya anakaa nje, dakika 10 kwa raga ya watu kumi na tano, 2 kwa ile ya saba, wenzake wakitaabika uwanjani kwa kosa lake. Mpira wa miguu wenyewe umeanza kujifunza hapo: kwenye Euro ya 2024 kule Ujerumani waamuzi walizungumza na manahodha tu.

Na ndugu hawa wanajua kupoteza. Mei 2023 huko London, timu yao ya taifa ya wachezaji saba, Shujaa, waliowahi kuifunga Fiji 30-7 na kutwaa kombe la Singapore mwaka 2016, walifungwa na Canada 12-7 wakashushwa daraja. Kwa Mkenya mpenda raga hilo ni sawa na Doha yetu, pengine zaidi. Mwaka uliofuata, Juni 2024, walikwenda Madrid wakaifunga Ujerumani wakarudi juu. Katikati ya hapo walizungumza juu ya mazoezi, mishahara ya wachezaji na uongozi wa chama. Nilimuuliza mmoja wao mwamuzi wa London alikuwa nani. Hakumbuki.

Sisi pia tunajua, tukitaka. Tarehe 5 Juni, siku ya Arafa, mkesha wa Idi, Jordan walikuja hapa Bausher, uwanja wa Sultan Qaboos, jirani zetu kabisa. Ali Olwan akatufunga mabao matatu peke yake, na usiku ule ule, kwenye nyasi zetu, Jordan ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Waliokwenda uwanjani waliwaona watu wazima wa Jordan wakilia kama watoto. Asubuhi yake ilikuwa Idi, na najua wengi wenu mliwapigia Wajordan mnaofanya nao kazi, mkawapa mkono wa Idi na wa ushindi kwa pamoja. Hamkupungukiwa na kitu. Tulifungwa 3-0 nyumbani na barza haikuvunjika, kwa sababu hatukuwa na wa kumsingizia.

Msidhani haya ni maneno ya adabu ya majumbani tu, kwamba ushabiki ni kelele na kelele haziui. Januari 2019 pale Abu Dhabi, Imarati wakifungwa 4-0 na Qatar, viatu na chupa viliruka uwanjani, na chama chao kikatozwa faini na timu ikacheza bila watazamaji. Januari 2018 kule Kuwait, tulipowashinda Imarati kwa penalti na kipa wetu Fayez Al-Rushaidi kumzuia Omar Abdulrahman, kizuizi cha jukwaa kilianguka na makumi ya Waomani wakaumia, na ile ilikuwa furaha, haikuwa hasira. Basra mwaka 2023 watu walikanyagana mlangoni na kuna aliyekwenda kutazama mechi asirudi kwao. Umati unaoamini umedhulumiwa ni hatari kuliko unaofurahi. Kila neno la wizi na rushwa linalosemwa barzani, kijana analichukua kwenda nalo uwanjani.

Nimewaona wavulana wa mtaani kwetu juzi alasiri wakicheza kwenye ule uwanja wa vumbi. Mmoja kamkata mwenzake miguu kwa nyuma, rafu ya makusudi kabisa. Aliyeanguka akanyanyuka anamwita mwenzake Mwimarati, kama tusi. Aliyekata akacheka, akasema refa hajaona. Wana umri wa miaka tisa, kumi. Hawakulisoma hilo popote. Wamelichukua kwetu.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na wazee, nawaombeni mambo haya, na ninaposema nawaomba nina maana ya ombi la ndugu kwa ndugu.

Kuanzia mechi ijayo, asiseme mtu kosa la mwamuzi kabla hajataja faulo moja ya upande wetu ambayo mwamuzi yule yule aliiachia. Akishindwa kuitaja, ina maana hakuwa akitazama mechi, alikuwa akitazama timu, basi angoje mwengine aseme kwanza. Tumelijaribu hili na vijana wachache kwa marudio ya mechi ya Amman, na mazungumzo yaliyotoka yalikuwa matamu kuliko ya miezi yote iliyopita. Watu walizungumza juu ya kuweka mwili, juu ya beki anayechelewa, juu ya mchezaji anayejiangusha na jinsi ya kumtambua. Mpira wenyewe ulirudi.

Tuhuma ya rushwa ni tuhuma ya jinai na ya dini. Mwenye ushahidi aulete. Asiye nao anyamaze, na aliyekwisha kuapa aulize kwa mashekhe namna ya kafara yake, hilo si la katibu.

Mwenye hasira na ratiba ya Doha, aje tuandike barua moja yenye adabu kwa chama cha mpira cha hapa, tukitaja tarehe na siku za mapumziko za kila timu, tuulize kama chama kitasimama mashindano yajayo yasipangwe hivyo tena. Nimeanza rasimu ya Kiswahili na mmoja wetu ataigeuza Kiarabu. Katika barua hiyo hiyo tuulize na la pili, ambalo ni zito zaidi kwangu: kwa nini wachezaji wetu wanakatika pumzi baada ya dakika ya 75. Kocha Carlos Queiroz alikuja Julai, hawezi kubeba peke yake udhaifu uliokuwepo Basra. Jambo hili linahusu ligi yetu, mazoezi ya vijana, na idadi ya mechi ngumu ambazo mchezaji wa Omani anacheza kwa mwaka. Hapo ndipo nguvu za barza ziende.

Na vijana, jezi ya timu ya taifa muivae hata wiki ya kufungwa. Tangu Jumamosi sijaiona hata moja mtaani.

Yaliyobaki ni ya utaratibu. Kikao cha barza kitakuwa Ijumaa hii baada ya sala ya Isha, mahali petu pa kawaida. Wale ndugu wawili wataitwa na wazee kabla ya hapo, faragha. Wengine msiingilie wala msiulize. Kijana wetu atampigia khalati yake Al Ain mwenyewe, kwa sauti yake, kabla ya Ijumaa, na baba yake amekubali. Kombe la Asia ni Januari 2027 huko Saudia, na Omani imo. Wanaotaka kwenda kwa magari wajiandikishe kwa mweka hazina na waanze kuweka mchango mdogo kila mwezi. Njia ya jangwani moja kwa moja mpaka Saudia imefunguliwa tangu 2021, ila wazee wamechagua tupitie Al Ain, kwa sababu jamaa wa kule wameshatuma salamu kwamba magari yote yatalala kwao, wakubwa kwa wadogo, na tusithubutu kukodi hoteli. Leteni nakala za pasi zenu Ijumaa.

Wassalamu alaykum,
Katibu wa barza, Ansab